Gari ya rotary iliyokataa sailensa wiki ya harusi yangu, Mwanza miaka ya tisini

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi nimepita kwenye uzi wa mdau analalamika sailensa ya gari yake inapanda na kushuka, na fundi wake kamwambia, "Hiyo valvu tuitoe tu, inakusumbua." Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Waandikie yetu."

Haya, naandika. Sitaongeza chumvi, maana shahidi amekaa hapa pembeni anamenya viazi, na kila nikizidisha ananitupia ganda.

Kwa wasiojua lugha ya gereji: sailensa ni ile injini inavyojiendesha yenyewe gari ikiwa imesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Ikiwa juu, gari inaunguruma bure. Ikiwa chini, inazima. Basi hicho tu ndicho kilichotaka kuninyima mke.

Mwanza, katikati ya miaka ya tisini. Wa umri wangu mnakumbuka. Biashara imefunguliwa, magari ya mtumba yanaingia kutoka Japani na Dubai, viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa. Mtu uliyemzoea kwenye baiskeli unamkuta nyuma ya vioo vyeusi, hata salamu anakupa kwa honi. Mimi nilikuwa fundi mafriji, na samaki wote wale walitaka baridi, kwa hiyo sikulala njaa.

Mfanyabiashara mmoja wa Kirumba aliagiza magari kwa kuangalia picha tu. Moja likaja jekundu, milango miwili, limelala chini, na taa za mbele zinachomoza ukiziwasha kama macho ya chura. Wakuu, ile gari ilikuwa nzuri mpaka inakera!

Ila fundi akifungua boneti, anaangalia, anaangalia tena, halafu anafunga polepole.

Ilikuwa injini ya rotary. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna vipande vya pembetatu vinazunguka tu, na juu yake mipira myembamba imejazana kama tambi. Hakuna mnunuzi aliyeisogelea. Nilipomfufulia yule mzee chumba chake cha baridi, akanirushia funguo, akasema, "Chukua huo ugonjwa, tumemalizana."

Nilikuwa na mchumba, Vero, anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu. Siku ya kwanza kumpandisha akashika dashibodi kwa mikono miwili, akasema, "Siku ya harusi nitoke kanisani na hii. Sitaki nyingine." Nikaahidi. Ungekuwa wewe ungekataa?

Sasa kwao Vero ni ng'ambo, upande wa Kamanga. Nikavuka na kivuko kwenda kujitambulisha, nimevaa suti, gari nimeiosha mpaka matairi. Watu wote kwenye kivuko wanaitazama. Nikashuka taratibu, taratibu, nikafika palepale kwenye mteremko wa kutokea. Sailensa ikapanda, ikashuka, ikapanda, puu. Imezima. Nyuma yangu lori linapiga honi.

Waliokuja kunipokea ndio wakasukuma.

Mbele yao amesimama mama mmoja mrefu ameshika baiskeli, kapu la dagaa nyuma. Sengi Milembe, shangazi yake Vero; kwa Kisukuma shangazi ndiye sengi. Huyo ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ukoo ule, na baiskeli aliendesha kuliko wanaume wengi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiyo hii itakayombeba mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaizunguka yote. "Sikiliza, baba. Kwetu bibi harusi hakanyagi chini njiani. Akitoka kanisani anashukia mlangoni kwa mume. Gari yako ikizima naye yumo ndani, namshusha, napanda naye kivuko, nakwenda naye nyumbani. Wewe utabaki na macho yako hayo ya chura." Kumbe na yeye aliona chura!

Nilidhani ni utani. Vero akaninong'oneza, "Sengi hana utani wa hivyo."

Baba yangu mdogo akanipa wazo la busara, nitumie gari yake, saluni nyeupe. Moyo ukakataa kabisa. Nimeshamwahidi Vero, na jeuri ya ujana nilikuwa nayo ya kutosha.

Nikampeleka mgonjwa kwa Masunga, fundi wangu wa Kirumba karibu na mwaloni, kwenye soko la samaki. Masunga ni rafiki yangu hadi leo, na namtania hadi leo. Dawa yake ilikuwa moja: toa. Themostati? Toa, hiyo ni ya nchi za baridi. Mipira hii? Toa, inakula nafasi. Na hakuwa peke yake, gereji zote zilikuwa hivyo. Kitu usichokijua kazi yake, basi hakina kazi.

Themostati ya gari yangu, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, alishaitoa siku ya kwanza ilipofika pale, hata kabla hajaulizwa.

Sasa akaifuata valvu ya sailensa. Hiyo ndiyo inayoipa injini hewa kidogo ya ziada inapoelemewa ikiwa imesimama. Iligoma kutoka. Masunga akaleta nyundo. Ikatoka vipande viwili. Tundu likazibwa kwa bati la debe la mafuta, gasketi ya kuzuia hewa isipenye tukakata kwenye boksi la sabuni.

Tukawasha. Mama yangu! Gari inaunguruma imesimama kama inataka kuruka ivuke ziwa. Wauza samaki wakaanza kutusonya.

Tukainama humo. Kwenye koo la hewa, pale injini inapovutia pumzi, kulikuwa na kidude chenye nta ndani. Maji ya injini yakichemka, nta inavimba, inaliachia koo lijifunge, sailensa inashuka. Injini ikiwa baridi kinashikilia juu. Nikamuuliza Masunga, "Sasa hii injini itapata moto vipi bila themostati?"

"Themostati nilishatupa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na hicho tutoe."

Tukatoa, wakuu. Ndiyo, na mimi nilishika spana.

Kuanzia hapo ikawa hivi: ukipandisha skrubu ya sailensa, inaunguruma. Ukishusha, inatulia vizuri, lakini washa taa tu, umeme unavutwa, injini inaelemewa, inazima. Na msafara wa harusi usiowasha taa mimi sijauona. Tukaipeleka Kisesa kwa wazazi wangu, njia ile ile ya msafara, kuijaribu. Barabarani ilikwenda kama upepo, Masunga anapiga kelele za furaha dirishani. Kila tuliposimama ikazima. Kurudi tulisukumwa na watu wa kila kabila.

Harusi Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikaa kwenye ndoo pale gereji nikaona kabisa kivuko kinaondoka na Vero wangu.

Vero mwenyewe alikuja kuniletea chakula. Akatuangalia tulivyonuna. Nikamweleza kwamba miguu yangu ni miwili na pedali ni tatu. Nikishika klachi na breki, hakuna wa kukanyaga mafuta. Akauliza, "Mafuta lazima yakanyagwe? Hayawezi kuvutwa?"

Masunga akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Nje palikuwa na baiskeli ya Masunga.

Alijitahidi kuitetea lakini tukamzidi nguvu. Tukatoa mkono wa breki na waya wake, tukapitisha waya kwenye ukuta wa injini, upande mmoja tukafunga kwenye koo la hewa, upande wa pili mkono wa breki ukakaa katikati ya viti, karibu na hendibreki. Ukivuta kidogo, sailensa inapanda. Ukiachia, inashuka.

"Nani atashika?" Masunga akauliza.

"Mimi," akasema Vero. "Si nitakuwa nimekaa tu?"

Jumamosi. Tunatoka kanisani Kirumba, vigelegele, mchele unarushwa. Ile nafunga mlango, Sengi Milembe huyo anakuja na kofia lake. Ananiambia anapanda humu humu, ashuhudie mwenyewe. Wakuu, kiti cha nyuma cha gari ile kilikuwa cha kuweka begi. Aliingia kwa kukunjwa, magoti yako masikioni, kofia halikubali kutoka.

Mbele yetu pikapu ya matarumbeta inakwenda mwendo wa miguu. Taa zimechomoza, zinawaka. Vero na glavu zake nyeupe ameshika mkono wa baiskeli, anasikiliza injini. Ikishuka anavuta, ikipanda anaachia, huku anawapungia watu kwa mkono mwingine. Kwenye yale mawe ya ziwani, maharusi wa Mwanza wanapopigia picha, hatukushuka. Mpiga picha alilala juu ya boneti akatupiga kupitia kioo, ndiyo maana kwenye picha zote za harusi yangu kuna waipa.

Barabara ya Kisesa tukaipita kwa raha. Nikaanza kucheka peke yangu. Nikaona tumeshinda.

Nilisahau Kisesa ni Kisesa. Nyumbani kwa wazazi wangu kulikuwa na vikundi viwili vya ngoma vinatusubiri, na vikundi viwili havichezi, vinashindana. Wakaziba njia. Hiki hakiondoki kabla ya kile, na kile hakiondoki kabla ya hiki. Mlango wa nyumba nauona kabisa, lakini gari imesimama, injini inawaka, jua linachoma, vumbi linapanda, na wanaume wanaruka mbele ya taa.

Kisha nikasikia "tik". Kile kichwa cha waya kimechomoka kwenye mkono wa baiskeli. Vero anavuta, anavuta hewa. Injini ikaanza kushuka, ikatetemeka. Mguu wangu wa kulia uko kwenye breki maana tuko kwenye kilima, na hendibreki haikuwahi kushika. Nikamtazama Vero. Machozi yamemjaa.

Mkono mrefu ukapita katikati yetu.

Sengi Milembe aliunyakua ule waya, akauviringisha kwenye kitambaa chake cha jasho, akavuta. Vrrrum! Injini ikapanda. Akalegeza, ikatulia. "Waya wa breki huu," akasema, kofia limemlalia usoni. "Wacheze tu. Mimi nipo."

Walicheza mpaka wakachoka wenyewe. Yeye alishika mpaka mwisho, na kuna wakati nilimwona kwenye kioo anavuta kwa kufuata ngoma, gari inaunguruma kwa mdundo, wachezaji wanashangilia wakidhani ni mimi nawapigia resi!

Tukafika mlangoni. Nikashusha pumzi, nikazima gari.

Nilipigwa kofi la begani.

"Nani kakuambia uzime? Mwanangu hajashuka!"

Nikawasha tena, naapa. Sengi akavuta waya, na mke wangu akakanyaga kizingiti cha kwetu injini ikiwa inawaka.

Nilichojifunza, wakuu: usitoe kitu kwenye gari kabla hujajua kinafanya nini, na ukishakitoa usikitupe, wala usimpe Masunga nyundo. Wenye rotary, achaneni na bati la debe. Na ukiahidi, kaza tu, msaada unaweza kutoka kwenye kiti cha nyuma.

Sengi sasa ni bibi mzee sana, bado yuko Kamanga. Akinipigia simu haulizi afya yangu. Anauliza, "Ule waya upo?" Namwambia upo, na ni kweli, umetundikwa sebuleni na kitambaa chake.

Wabeja sana, asanteni kwa kusoma. Haya, na wewe gari yako ilikufanyia nini siku usiyotaka? Na Masunga kama uko humu, jitokeze uniambie themostati yangu uliitupa wapi.