Samli ya Nekesa Ziwani

Dada yangu Nekesa alijifungulia kisiwani, kwa mume wake mwalimu, na barua ikasema bado ni mnyonge. Mama akajaza samli kwenye kibuyu, akanikabidhi pale Kitale. "Nimejaza mpaka shingoni. Ukirudi nitauliza ilifikaje." Nikakagua kizibo mara mbili, nikapanda lori.

Bungoma, saa nane mchana. Kwa Nahodha Ogutu, mwenye mashua ya kwenda visiwani, abiria asiyetaka kulipa nauli huleta mafuta ya taa. Nikachagua mafuta, maana kwenye mafuta unaweza kupatana bei. Mwenye duka wa kwanza hakupunguza hata kidogo. Wa pili alikubali haraka mno. Ningejiuliza kwa nini, lakini nilikuwa nashughulika kujipongeza.

Sio Port, bandari ndogo ya ziwani, jioni. Ogutu alikuwa anangojea upepo wa usiku, ule utokao nchi kavu. Akajaza mafuta yangu kwenye taa ya chemli, akaitundika mlingotini. Tulikuwa watu wanne na mbuzi mmoja. Nikahesabu tena: wanne, mmoja. Tukaondoka.

Yapata saa tano usiku taa ikakohoa, ikazimika. Ogutu akaitikisa, akanusa.

"Mtu wa Kitale, hii mafuta ulinunua wapi?"

"Bungoma. Bei nzuri sana."

"Si umenunua maji, bana! Ati mfanyabiashara!"

Hatukucheka sana, kwa sababu mbele yetu meli ilikuwa inakuja: taa nyekundu, taa ya kijani.

"Ukiona moja, anapita kando," Ogutu akasema. "Ukiona zote mbili, anakuja juu yako."

Nikahesabu mara mbili. Zilikuwa mbili. Upepo nao ulikuwa umelegea, mashua haitoki pale.

"Nani ana mafuta yoyote? Hata ya kupikia!" Ogutu akapaza sauti. "Bila taa hawatuoni!"

Watu wakatikisa vichwa. Mbuzi pia. Nikamfikiria Nekesa, nikamfikiria Mama, nikang'oa kizibo.

Ogutu alichana shati lake, akasokota tambi tatu, akazizamisha katika kopo alilolijaza samli yangu na kuwasha kiberiti. Moto uliposhika akaliinua kopo karibu na tanga. Tanga lote likang'aa jeupe, na ziwa likanukia kama jiko la sikukuu. Meli ikapiga honi ndefu. Tukakodoa macho. Taa ya kijani ikapotea taratibu, ikabaki nyekundu. Moja. Nikahesabu tena: moja.

Tulichoma samli hadi alfajiri, tukafika. Nekesa, amekonda, akakipima kibuyu mkononi.

"Kaka, nusu imeliwa na nani?"

"Na meli."

Nilipomsimulia alicheka mpaka mtoto akaamka. Shemeji akaninong'oneza kwamba hajamsikia akicheka hivyo tangu azae. Nekesa akanywa uji wenye samli, akaomba kikombe cha pili.

Kurudi, nililipa nauli yote bila kufungua mdomo. Na siku hizi sitoki na mafuta dukani kabla ya kulowesha utambi na kuuwasha mbele ya mwenye duka, hata akinuna.

Kitale, Mama alikuwa mlangoni.

"Samli ilifikaje?"

"Nusu, Mama. Nekesa anakula vizuri. Na mimi nimefika mzima."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu akanitazama tena.

"Haya," akasema. "Ingia ule."