Mbuzi Ndani ya Ovaroli

Bayama aliapa mbele ya ukoo wa bwana harusi, watu wa Mununga, kwamba yaya wangu hataenda kanisani kwa baisikeli. Angepanda motokari. Angekaa mbele na kanzu yake nyeupe ya harusi, na pale kwenye ngazi za kanisa mulango ungefunguka naye angeshuka polepole, muguu wa kwanza, muguu wa pili, watu wote wakimutazama. Bayama aliwaonyesha hata namna ya kushuka. Ana tumbo kubwa na alikuwa amevaa kaptula, basi wale wa Mununga walitazama chini ili wasicheke. Mimi sikutazama chini.

Kwetu bayama, yaani kaka ya mama, ndiye mwenye watoto. Baba anatulisha na kutupigia kelele, lakini tukiaibika, aibu inakwenda kulala kwa bayama. Na yaya ni dada yangu mukubwa, wa kwanza kuolewa. Kwa hiyo muelewe kwamba ile motokari haikuwa motokari tu.

Ilikuwa na milango miwili, mumoja wa dereva na mumoja wa anayekaa kando yake, na nyuma sanduku la mbao la kubebea samaki wakavu. Bayama aliinunua Kasenga, ng'ambo ya muto Luapula, kwa Wabelgiji, katika garaji ya muzungu anayeuza motokari mpya na kutengeneza zile alizouza. Ilinuka hivi kwamba paka wote kutoka Nchelenge mpaka Kabuta waliijua kwa mulio.

Wiki ya harusi breki zikaanza kulia. Bayama akaipeleka Kasenga, akaiacha siku tatu, na Alhamisi tukaenda kuichukua. Alinipeleka mimi kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na kwa sababu niko standadi six. Alisema anataka mutu wa kumusomea karatasi. Njia nzima alinitambulisha kwa watu kama karani wake, na mimi nilitembea kama karani, mikono nyuma.

Garajini tulikuta motokari imeoshwa, breki zimenyamaza, imesimamishwa ukutani kabisa, ubavu wa mulango wa abiria umeshikamana na matofali kama mutoto aliyeadhibiwa. Hatukujiuliza kwa nini. Muzungu alikuja na karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa. Shuleni kwetu tunachapwa kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa hakuna aliyewahi kunichapa. Lakini bayama alikuwa ananitazama, na fundi mumoja alikuwa ananitazama, na karani hawezi kusema hajui. Nikapitisha kidole chini ya kila mustari. Kwenye neno moja refu nikasimama, nikakunja uso, nikaendelea.

Nikasema iko sawa, bayama, unaweza kusinye.

Akasinye, akaandika jina na mikia mitatu chini yake.

Bayama akaingia kwa mulango wake. Mimi nikapanda nyuma juu ya sanduku, kwa sababu huko upepo ni mwingi na mashauri ni machache. Ndiyo maana mulango wa pili haukuguswa na mutu mpaka tulipofika kwenye pantoni ya kuvukia muto. Pale mama mumoja muuza samaki aliomba lifti. Bayama anapenda sana kuombwa na bamama. Akamuambia azunguke upande wa pili, apande, hakuna shida. Mama akazunguka. Akavuta. Akavuta tena. Kisha akarudi dirishani na kuuliza kwa heshima kama huu mulango ulipigana na kiboko.

Tukashuka kuona. Katikati ya mulango kulikuwa na bonde ambalo mutu angeweza kuogeshea mutoto ndani yake. Kishikio kililegea kama jino bovu, na mulango haukusogea hata tulipouvuta sisi watatu, mimi, bayama na yule mama.

Bayama alitazama mulango, halafu akanitazama mimi.

"Ile karatasi, ulisoma nini?"

"Nilisoma yote, bayama."

"Iliandikwa nini?"

"Iliandikwa Kifaransa, bayama."

Hakunipiga. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Alikaa kwenye ngazi ya motokari na kuanza kusema mambo kwa sauti ndogo: leo Alhamisi, harusi Jumamosi, na bibi harusi atatoka wapi. Akiingilia upande wa dereva itabidi ajivute chini ya usukani na kanzu yake, mbele ya wale wa Mununga. Mimi nikasema labda dirishani. Akasema nikifungua mudomo tena atanipitisha mimi dirishani, na motokari ikiwa inatembea.

Tukageuza. Yule mama tukamuacha pale pale, akiwaeleza abiria wengine wa pantoni habari zetu.

Muzungu wa garaji, ambaye kila mutu alimuita Patro, yaani bosi, hakukasirika hata kidogo. Alifungua saraka, akatoa karatasi, akaweka kidole kwenye ile mikia mitatu.

"Huu ni mukono wako?"

"Njo wangu, Patro."

"Hapa umeandika umepokea motokari muzima. Umetoka, umeenda kuigonga mwenyewe, sasa unanirudishia. Mambo imeisha."

Na kweli ilikuwa imeisha, kwa sababu aliingia chumba cha nyuma na kufunga. Kumbe lile neno refu ndilo lilikuwa "muzima". Mutu akisimama kwenye neno la hatari na asilijue, afadhali angepita mbio.

Bayama akaizungusha motokari mpaka kwenye karakana ya nyuma. Ilikuwa saa ya chakula, mafundi wengine wameenda nyumbani, na yule mumoja aliyekuwa anatutazama asubuhi alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula bukari, ugali wa huko. Alikuwa amevaa kaptula na singlendi. Ovaroli yake, nyeupe, na jina la garaji mugongoni, ilikuwa inaninginia kwenye musumari. Muzungu wao, tulijua sote, hakutaka kuona mutu karakanani bila ovaroli. Aliyeonekana bila hiyo alirudi nyumbani na kesho asije.

Bayama alikuwa amejaza kifua njia nzima. Akaanza kwa kujitambulisha, jinsi mutu muzima anavyofanya kabla ya kutukana: atokapo, kwa nani, na mukowa wake, yaani ukoo wa upande wa mama. Akasema yeye ni wa mukowa wa Mbuzi, na hakuna mutu anayemuchezea.

Yule fundi akaacha tonge hewani. Uso wake ukafunguka wote.

"Kumbe ni mbuzi," akasema. "Karibu, mbuzi. Mie niko mutu wa Chui."

Nikaona kifua cha bayama kinatoka hewa.

Kwa asiyejua: chui hula mbuzi, basi tangu mababu watu wa Chui na watu wa Mbuzi ni banungwe. Wanatukanana, wananyang'anyana kofia na chakula, hata kwenye kilio wanachezeana kando ya kaburi, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayemukasirikia munungwe wake anageuka mutoto mbele ya watu, na habari inamufuata mpaka anazeeka. Bayama alikuja na matusi ya kutosha garaji mbili, na sasa hayakuwa na mahali pa kwenda.

Fundi aliona. Akanawa mikono bila haraka, akakiri yote, kwa furaha. Ni yeye aliyerudisha nyuma motokari mpya ya Patro siku ya Jumanne na kuipiga yetu. Ni yeye aliyeisukuma ukutani ili tusione. Mbuzi akikwaruzwa na chui, akauliza, anaenda kushitaki kwa nani? Kisha akaingiza mukono katika mufuko wa bayama, akachomoa samaki mukavu tuliyebeba kama chakula cha njiani, akamuweka juu ya bukari yake.

Bayama akacheka. Ilibidi. Alicheka kama mutu anayeng'olewa jino huku mapadri wakimutazama.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ule musumari. Na nikakumbuka kitu ambacho bayama, kwa uchungu, alikuwa amekisahau: mukowa unatoka kwa mama. Yeye na mama ni tumbo moja. Kwa hiyo na mimi ni mbuzi.

Nikaitoa ovaroli, nikaivaa. Ilinimeza, nikakunja miguu na mikono. Fundi alidhani nacheza.

"Wee mutoto, rudisha ovaroli yangu."

"Ovaroli gani, Ba Chui? Mimi nimeokota ngozi. Mwenye ngozi aje na mulango wetu."

Alinyanyuka, mimi nikakimbilia upande wa pili wa motokari yetu. Alinifukuza mara mbili kuizunguka, bila kukasirika, kwa sababu na yeye hakuruhusiwa. Bayama alikaa juu ya lile tairi na kumaliza samaki wake. Hapo ndipo rimu ya lori iliyotundikwa mulangoni ikagongwa, ishara ya kurudi kazini, na tukasikia viatu vya muzungu vinakuja. Fundi alijitupa nyuma ya mapipa ya mafuta, bayama akamufuata na tumbo lake. Mimi sikuwa na pa kujitupa. Niliinama ndani ya injini ya kwanza niliyoiona, mugongo juu, jina la garaji likitazama mbinguni.

Muzungu akasimama nyuma yangu. Nilisikia ananusa.

"Hii motokari ya samaki, bado iko hapa kwa nini?"

Nikasema ndani ya injini, kwa sauti nzito ya kuazima, "Mulango, Patro. Unakataa kufunguka."

"Tengeneza mbio, iondoke. Wateja wangu watakimbia." Akapiga hatua mbili, akasimama. "Na wewe leo umekuwa mufupi."

"Njaa, Patro."

Akaenda. Tulisikia motokari yake mwenyewe ikiwaka na kutoka kwenda nyumbani kwake.

Fundi alitoka nyuma ya mapipa na singlendi nyeusi tii. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika ukuta, na bayama naye akacheka, safari hii bila jino. Muzungu mwenyewe alikuwa ametoa amri. Nikavua ngozi, nikaikabidhi kwa mikono miwili na kupiga magoti, jinsi tunavyowapa wakubwa kitu, ili asiseme watoto wa Nchelenge hawana adabu.

Alifanya kazi mpaka jua likapunguka. Alitoa kitambaa cha ndani, akagonga bati kwa nyundo ya mbao, tok, tok, bonde likawa bakuli, bakuli likawa sahani, sahani ikaisha. Rangi alipaka ya karibu na yetu. Ukitazama kwa jicho moja ni ile ile. Mulango ukafunguka kwa sauti nzuri, nene. Bayama aliufungua na kuufunga mara kama kumi.

Wakati bayama anageuza motokari, fundi alinivuta kando. Akasema kishikio cha nje kiko sawa, lakini cha ndani kimevunjika, na kipande chake kinatoka Elisabethville, labda mwezi ujao. Ukiwa ndani hufungui. "Muambie muzee wako," akasema. Nikasema nitamuambia.

Sasa, nilitaka kumuambia. Lakini alikuwa anaimba. Bayama haimbi, na yaya alikuwa amelia siku nzima nyumbani akifikiri motokari haitakuja, na tulipofika alimurukia shingoni. Nikasema kesho. Kesho yake wanawake walikuwa wanapika uwanja muzima na nikapewa kazi ya kufukuza mbuzi, wa miguu minne. Halafu ikawa Jumamosi.

Motokari ilisimama mbele ya kanisa, karibu na ziwa. Watu wa Mununga walikuwa wamepangwa pande mbili, kwaya imeanza. Yaya alikaa mbele kama sanamu ya Maria. Nilikuwa nyuma kwenye sanduku, nikaona kupitia dirisha dogo mukono wake mweupe wa glavu unashika kishikio. Unavuta. Unavuta tena. Kwaya ikamaliza ubeti, ikaurudia. Yaya akamugeukia bayama, na shingo ya bayama ikaanza kutoka jasho, nililiona likishuka ndani ya kola. Kwaya ikaurudia mara ya tatu.

Nikagonga dirisha, nikachungulia kichwa chini, nikamuambia: "Nje, bayama. Fungulia nje."

Alinitazama kwa muda mufupi lakini wenye mambo mengi. Kisha akafungua mulango wake, akashuka na tumbo lake na suti ya kuazima, akazunguka mbele ya motokari polepole, kwa sababu kukimbia kungekuwa kukiri, akashika kishikio na kuufungua mulango. Akabaki ameushika hivyo, ameinama kidogo. Nadhani aliinama ili akichungulie kile kishikio cha ndani.

Kwaya ilinyamaza. Kule kwetu hakuna aliyewahi kuona muzee, bayama, mwenye watoto, anamufungulia musichana mulango na kumuinamia. Yaya akashuka, muguu wa kwanza, muguu wa pili. Halafu bamama wa Mununga wakapiga vigelegele hivi kwamba bata waliruka ziwani. Mumoja alisema ndivyo wafanyavyo wazungu kwenye harusi za Elisabethville, amesikia. Bayama hakukataa.

Baada ya chakula baba wa bwana harusi aliomba apelekwe mpaka njia panda, si mbali. Alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Tulipofika hakugusa kishikio. Alitazama mbele tu, anangoja afunguliwe.

Bayama aligeuka nyuma kunitafuta. Nilikuwa tayari nimeshuka, natazama ziwa.