Mwalimu Bochaberi na Somo la Kusikiliza

Mwalimu Bochaberi hakuwa na mchezo na Kiingereza. Katika gredi ya sita, kwenye shule moja jirani na machimbo ya dhahabu ya Osiri, kila mtoto ilibidi asimame asome kwa sauti, wenzake wakisikiliza. Hata ruhusa ya kwenda choo uliomba kwa Kiingereza, la sivyo utajijua mwenyewe. Mkali huyo, lakini watoto walimpenda.

Kumbe mwenyewe hasikii! Homa kali ya mwaka juzi ilimwachia sikio moja, tena la kubahatisha. Hakumwambia mtu. Aliogopa kutolewa darasani, na kufundisha ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda. Basi akabuni ujanja. Kila ukurasa alikuwa nao kichwani, akafuata midomo. Kitabu kikifunika mdomo, aliwatazama wengine. Msomaji akikosea, darasa lilicheka tu. Lisipocheka, mtoto amesoma vizuri.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, zamu ilimfikia Trizah, binti wa mchimbaji, mtoto ambaye kumtoa neno ilikuwa shughuli. Akasimama, kitabu usoni. Hakuna aliyecheka. Bochaberi alifurahi kwa dhati, akampongeza, akamwambia aketi. Trizah akaketi.

Saa saba Mwalimu Willis alimvuta kando, akamuuliza kwa hasira amemnyimia nini mtoto ruhusa. Ilibidi arudie mara mbili. Trizah hakuwa amesoma. Asubuhi ile habari zilimkuta langoni kengele ikilia: shimo limemfukia baba yake, watu wanachimbua. Alikuwa ameomba aende, kwa Kiingereza, sentensi nzima bila kosa. Darasa lote lilisikia, na hakuna aliyethubutu kumpinga mwalimu.

Baba alitolewa saa nne, akimuulizia binti yake. Saa tano alikata roho. Trizah alikuwa bado kwenye dawati.

Jioni hiyo Bochaberi alifika matangani. Jamani, aibu nayo ina uzito. Trizah aliinuka mkekani, akasimama karibu naye kabisa.

“Mwalimu,” akasema, “nilikosea wapi?”

Safari hii Bochaberi alisikia. Akalia mbele za watu, hakujificha.

“Hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye sisikii. Nimekuwa kiziwi miaka miwili, na nimewaficha.”

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka hapo.