Gramu Kumi na Mbili

Niseme ukweli mapema, kabla hujaanza kunihurumia: nilimwonea wivu mke wa mdogo wangu tangu siku aliyoweka mizani jikoni. Si mizani ya kupimia magunia. Ni kijimizani cha kioo, chembamba kama daftari, unaweka chakula juu yake na namba zinakimbia. Mimi nimekanda unga miaka ishirini na sita kwenye bekari ileile, na sijawahi kuomba ruhusa ya namba ili nimlishe mtu.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la pili. Nilimlisha, nikamfulia, nikamsomesha, na alipofika miaka kumi na saba akaanguka uwanjani, tukaambiwa mwili wake umeacha kutengeneza insulini na atachomwa sindano kila mlo maisha yake yote. Mara ya kwanza kumchoma nilifumba macho. "Dada, fumbua," akasema, "utalichoma godoro!" Tukacheka mpaka tukalia.

Siku hizo nilipima kwa jicho. Slesi mbili za mkate wangu, yuniti sita za insulini. Sahani ya wali, nane. Hatukuwa na simu ya kutuambia, na hakuanguka tena. Sawa, alianguka mara mbili, lakini hizo sizihesabu.

Akakua, akawa mwalimu wa hesabu, akaoa fundi cherehani. Binti mpole, hana makuu, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu mtu mpole humpatii sababu ya kumchukia. Fundi huyo amezoea kupima. Akimaliza kukupima kifua na kiuno, anakupima tena, eti asije akaharibu kitambaa cha mwenyewe. Mumewe naye akapimwa hivyohivyo. Wali kwenye mizani, maharage kwenye mizani, ndizi inamenywa kwanza ndipo inapimwa. Kisha anaandika kwenye programu ya simu, simu inamwambia chakula kina wanga gramu ngapi, anagawanya kwa kumi, anapata yuniti. Sukari ya mdogo wangu ikatulia kama maji ya mtungini.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nikafuatana nao kliniki, maana mimi ndiye niliyezoea kumpeleka. Daktari akafungua faili, akatabasamu, akamgeukia wifi yangu. "Mama, wewe ndiye daktari. Mimi nasaini tu." Nilikuwa nimekaa palepale, mkoba mapajani, miaka kumi na moja ya kliniki mgongoni mwangu, na hakuna aliyenigeukia. Roho iliniuma, siwezi kuficha.

Lakini kilichonimaliza ni mkate. Asubuhi moja nilipita kwao na mkate wa moto, nikakuta mezani mkate wa pakiti. Mkate wa pakiti! Kwa ndugu wa mwokaji!

"Usinielewe vibaya, wifi," mke wake akaniambia. "Huu umeandikwa nyuma: slesi moja gramu kumi na nne. Wako sijui nauandikaje. Ona mwenyewe."

Akanionyesha simu. Aliandika "mkate wa nyumbani," zikaja namba tatu. Mmoja gramu kumi na tatu, mwingine ishirini, mwingine thelathini na mbili.

"Upi ndio wako?" akaniuliza.

"Wangu uko mezani, unatoka moshi. Hiyo mingine siijui."

"Ndiyo shida yenyewe. Wanaoandika ni watu tu, kama mimi na wewe. Hakuna anayekagua. Mtu anakata slesi nene kama tofali, mwingine anakata nyembamba, wote wanaandika slesi moja. Nipe vipimo vyako, nitapiga hesabu mwenyewe. Unatia unga kiasi gani?"

Nikamjibu kwamba vipimo vya bekari ni siri ya bekari. Uongo mtupu. Kila mwokaji mtaani anavijua. Sikutaka tu mkate wangu upite kwenye mikono yake kabla ya kufika kinywani mwa mdogo wangu.

Nikaondoka nao, bado wa moto. Lakini neno lake moja nilibaki nalo: wanaoandika ni watu tu, kama mimi na wewe.

Siku ile ile, kabla mikate ya jioni haijaingia tanurini, nikaitia programu hiyo kwenye simu yangu. Chini kabisa kulikuwa na mahali pa kuongeza chakula. Nikaandika kwa vidole vyenye unga: Mkate wa Dada, slesi moja. Kwenye wanga nikaandika gramu kumi na mbili. Kwa nini kumi na mbili? Kwa sababu wa pakiti ulikuwa na kumi na nne, na mimi sikubali kushindwa na pakiti. Nilitamani kuandika nane, nikaona nisitie chumvi sana. Zile yuniti sita za zamani nilizikumbuka vizuri. Nikajiambia zilikuwa za zamani, kijana anakua, mwili unabadilika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Kesho yake nikarudi na mkate wangu, kichwa juu. "Tafuta kwenye simu," nikamwambia mdogo wangu. "Nimo na mimi."

Akatafuta. Akaitazama ile namba, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Kumi na mbili, Dada?"

"Kumi na mbili."

"Haya," akasema, akatabasamu. "Kumi na mbili."

Mke wake akasimama na mizani mkononi. "Nani kaiandika? Ngoja basi niipime hata slesi moja, nilinganishe."

"Imeandikwa na bekari," nikasema. "Ama unadhani nitamdhuru mtoto niliyemlea?"

Akaona haya. Akairudisha mizani kabatini. Nilihisi utamu ambao sijawahi kuupata hata siku ya harusi yangu.

Kuanzia hapo mdogo wangu akawa anapita bekari kila asubuhi akienda shuleni, anachukua mkate wake, anakula slesi mbili palepale kwenye benchi, anajichoma yuniti mbili, anaondoka. Jioni anamalizia nyumbani. Mpishi mwenzangu akanitania, "Naona mume amerudi." Nikamfukuza kwa ufagio, lakini nilicheka.

Mwezi wa pili mdogo wangu akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Anafundisha kipindi, anatoka mara mbili kwenda chooni, wanafunzi wanahesabu. Mashine ya kupima sukari ikawa inatoa namba kubwa asubuhi na jioni. Na mke wake akafanya kile ambacho mtu wa namna yake hufanya: akajilaumu. Akabadilisha betri ya mizani. Akanunua mizani nyingine, akipima kitu kimoja kwenye zote mbili. Akampunguzia wali, akampunguzia maharage, akaacha kabisa ndizi. Mkate wangu hakuugusa, maana kuugusa ni kuniambia mimi mwongo. Mdogo wangu akakonda, suruali zikawa zinamvuka, mkewe anazipunguza kiuno kwa cherehani yake mwenyewe.

Niliyaona yote hayo. Usifikiri sikuyaona. Nilijiambia ni mawazo ya kazi, ni hali ya hewa, ni mapishi ya wifi.

Kliniki ya mwezi wa nne tulikwenda watatu. Daktari akafungua faili, safari hii hakutabasamu. "Nyumbani kuna mtu hahesabu sawasawa," akasema, akamtazama wifi yangu. Wifi akainama. Moyoni nikasema, kikulacho ki nguoni mwako, nikamkazia macho kana kwamba kweli ni yeye. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka mitatu.

Kisha daktari akawasha kijitochi, akachungulia jicho la kushoto la mdogo wangu, akachungulia tena. "Mishipa ya ndani imeanza kuvuja. Sukari ikiendelea hivi, jicho hili siwaahidi kitu."

Mdogo wangu hakusema chochote. Wifi akauliza dawa, akauliza tarehe, akaandika yote. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake bekari ilipopoa, nikakata slesi mbili za mkate wangu nikakaa nazo mbele yangu. Sikuhitaji mizani. Nilijua. Nilikuwa najua kila asubuhi alipokaa kwenye lile benchi na sindano yake ya yuniti mbili.

Jumamosi mchana nikaenda kwao. Wifi alikuwa kwenye cherehani sebuleni, anashona gauni la mteja. Mdogo wangu alikuwa anasahihisha madaftari, daftari limekaribia pua, jicho moja amelifumba. Sikukaa.

"Ile namba ya mkate niliandika mimi," nikasema. "Si bekari. Ni mimi, na si ya kweli."

Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Najua, Dada."

"Unajua nini?"

"Najua tangu siku ya kwanza."

"Unajua halafu unakula?"

Akaweka kalamu chini. "Ulivyosimama pale mlangoni siku ile, umebeba mkate, unanitazama. Ningekwambia nini? Ningekutia aibu mbele ya mke wangu? Na kwa kweli nilikuwa nimeukosa mkate wako. Nikasema nitakuwa naongeza yuniti mwenyewe kimyakimya. Siku nyingine niliongeza. Siku nyingine niliogopa mke wangu ataziona, ataniuliza."

Hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtoto anapoteza jicho na mimi nikafurahi, kwa sababu kati ya mizani na mimi alinichagua mimi.

Cherehani ikanyamaza.

"Kliniki ulinyamaza," wifi akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Daktari alinitazama mimi, Mwalimu, na wewe ukanyamaza. Nimekunyima wali mpaka nimekutoa mbavu nje. Nimenunua mizani mbili. Usiku nakuamsha nikupime, nikidhani nimekosea mahali. Ulikuwa unajua."

"Mke wangu..."

"Ngoja." Akanigeukia mimi. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili. Hakunitukana. "Wifi, mimi nakuonea wivu tangu siku ya harusi. Watu walikuwa wanasema, huyu dada ndiye mama, ndiye baba, anamjua mdogo wake kwa jicho. Mimi sina jicho hilo. Nikajua sitapendwa kama wewe. Nikasema basi, angalau nisikosee."

Mdogo wangu alikuwa ameziba uso kwa daftari la mwanafunzi.

Wifi akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akachukua simu yake mezani, akafungua ile programu, akatafuta jina la mkate wangu.

"Sasa niambieni," akasema. "Slesi moja, kweli kabisa, ni gramu ngapi?"

"Thelathini," tukajibu mimi na mdogo wangu, kwa sauti moja.

Wifi akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainamisha kichwa, akaandika.