Jina Ambalo Mkamwana Halitaji

Mama Irakoze anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya nyumba yetu, hapa Kalundu, penye bandari. Jina lake ni Pudentienne. Kanisani sauti yake inawashinda wote, lakini wimbo ukifika kwenye neno gusenga, yaani kusali, anafunga kinywa, analiruka, anawakuta wenzake mbele. Sisi watoto wa jirani tulikuwa tunamtega.

"Mama Irakoze, Jumapili unaenda kufanya nini?"

"Kumuomba Mungu, weye mujinga!"

"Kwa Kirundi wanasema je?"

"Ngoja nikupige na samaki!"

Mzizi wa neno hilo, -seng-, umo ndani ya jina la baba mkwe wake. Kwa Warundi wanaoshika desturi, mkamwana hamtaji baba mkwe, wala neno linalofanana na jina lake. Aliishi na yule mzee tangu aolewe, na siku zote alimwita Databukwe, yaani baba mkwe. Sisi wengine tulimwita Sogokuru, babu, basi. Minye, yaani mimi, ni Mfuliiru, si Mrundi; Kirundi changu kinaishia kwenye salamu.

Mwezi wa tatu Sogokuru alikanyaga msumari bandarini. Mguu ukavimba, homa ikampanda mpaka hakumtambua mtu. Libérat, mume wa Mama Irakoze, alikuwa ziwani, kwenye boti ya mizigo ya Kalemie, na simu yake haikupatikana. Tukampeleka mzee hospitali, Mama Irakoze na minye.

Hospitali hiyo imeacha makaratasi. Kila daktari anabeba habari za wagonjwa wote ndani ya simu yake. Nilinyoosha shingo nichungulie. Dokta Thierry, mgeni kutoka Kisangani, alikuwa ameshaweka kidole juu ya kioo.

"Mzee alishatibiwa hapa?"

"Ndiyo, dokta. Bwana yangu ndiye alimuleta."

"Kuna dawa inamukataa?"

"Sijui. Yeye tu ndiye anajua. Haiko mu telefone?"

"Itakuwa iko. Nipe jina."

Mama Irakoze alinigeukia. "Weye, unajua jina yake?"

"Sogokuru."

"Ah, mutoto huyu!" Akajaribu: "Papa Libérat."

Dokta akaandika. "Haiko. Jina ya kweli, mama."

Jasho lilimtoka. Alimtazama mzee, akatazama chini.

"Ni... anayemuomba Mwenye kusikia."

"Amina, mama, Mungu atasikia. Lakini jina?"

"Ndiyo jina, dokta! Anayemuomba Mwenye kusikia!"

Dokta alimshika bega kwa upole, kama unavyomshika mtu aliyechanganywa na uchungu. Minye pia nilidhani anasali; sikujua kwamba analitafsiri jina. Mdomo wake ulifunguka tena, ukafumba; na kuandika hakujua.

"Mguu huu hauwezi kungoja," dokta akasema. Akafungua ukurasa mpya, akaandika Papa Libérat, akaagiza penisilini.

Baada ya sindano, midomo ya Sogokuru ilianza kuvimba. Pumzi ikapiga mluzi. Wauguzi walikimbia na dawa nyingine, na chupa ya hewa, wakimwinua, wakimlaza. Ndipo Mama Irakoze alipojitupa kitandani na kulia kwa sauti ile ya kanisani:

"Nsengiyumva! Nsengiyumva, rudi! Nsengiyumva!"

Hakurudi.

Dokta akauliza, "Ndiyo jina yake?" Akaliandika. Ukurasa ukafunguka mara moja: picha ya Sogokuru anacheka na meno yake machache, na chini yake, kwa herufi nyekundu, asipewe penisilini. Dokta aliibana simu kifuani. Sote wawili tulikuwa tumeshaona.

Kwenye matanga walikuja mabibi wa ukoo kutoka Bonde la Ruzizi. Mmoja baada ya mwingine walimshika Mama Irakoze mikono.

"Mkamwana wa kweli ni weye. Umemuheshimu mpaka mwisho."

Aliinamisha kichwa kwa kila mmoja. Hakuna aliyemlaumu. Libérat alirudi, akaambiwa yote, akaenda kukaa karibu na maji. Mpaka leo hajamuuliza mke wake kitu.

Jumapili iliyopita waliimba ule wimbo. Ulipokaribia gusenga nikamgeukia nione kama sasa atalitamka. Mdomo wake ulikuwa umefungwa tangu mwanzo wa wimbo.