Shamba Lenye Wenyewe

Felicitas hakuwa mtu wa kudanganywa kwa udongo. Madalali walimtembeza Kipawa, akawaambia mchanga ule ni wa kujengea, si wa kulima. Wakampeleka Msasani, akaonja maji ya kisima na kuyatema mbele yao bila haya. Walimwita mama mgumu, na alikuwa mgumu kweli. Mwaka ule wa arobaini na nane mumewe Adelard, karani, alikuwa anastaafu. Wasipopata shamba la kuwalisha, ingebidi warudi kwao Bukoba. Na binti yao Anjelina, aliyekufa kwa homa bado mdogo, alikuwa amelala kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Felicitas alisema wazi kwamba haondoki akamwacha mtoto peke yake.

Ndipo akaenda Mbezi, jua la utosini, akiongozwa na mzee Mfaume, mwenyeji wa huko.

Shamba lilimtisha kwa uzuri. Udongo mweusi ulishikana kiganjani, maji ya kisima yalikuwa matamu, milimau imeinama kwa matunda. Lakini hapakuwa na kibanda, moshi wala unyayo. Upepo uliotikisa vichaka ng'ambo ya njia haukugusa hata jani la humo.

"Mzee, mbona hapalimwi?"

"Lina wenyewe, mama," Mfaume alisema, amesimama njiani, hataki kuingia.

"Wako wapi nizungumze nao?"

"Wapo. Sie hatuwaonagi."

Mtu wa pwani angeelewa hapo hapo na kushika njia. Felicitas, mtu wa bara, alidhani wenyewe wameenda sokoni. Akaingia hadi katikati, akapiga hodi kama mtu aliyelelewa.

"Karibu, mama," kisauti kikajibu, kwa Kihaya.

Mbezi ile nani alijua Kihaya? Tena sauti ilikuwa na kitembe, kile kile alichokuwa akimkanya Anjelina. Aliogopa, aliogopa sana, ila miguu haikutaka kukimbia.

"Asante, mwanangu," akasema.

Alipotoka, Mfaume alimkazia macho. "Umewaitikia?"

"Sijaitikia."

"Afadhali. Mie nilishaona yakimkuta mtu. Anayewaitikia anakuwa wao, haondoki tena."

Jioni Adelard alimpokea kwa maswali ya kikarani. Udongo? Mzuri. Maji? Matamu.

"Na majirani, Mama Anjelina?"

Machozi yakamtangulia. Akamweleza yote, hata uongo aliomwambia mzee wa watu. Adelard hakukosa misa hata Jumapili moja, na siku zote aliwacheka wanaoogopa mizimu. Felicitas akangoja kukemewa.

Mume akakaa kitandani taratibu, kofia mkononi.

"Mimi je," akauliza, "hakuniulizia?"