Waya Kwenye Mkono wa Mafuta

Mgeni alishuka Katito kwa sababu simu yake ilikuwa imezima, na ndani ya simu hiyo ndimo lilimokuwa jina la mtu aliyemngoja Kendu Bay. Mji hakuujua. Alimwuliza muuza miwa wa njia panda mahali pa kuchaji, naye akamwonyesha kinu cha posho ng'ambo ya barabara.

"Enda kwa Owiti. Lakini usimguse na habari ya ndege, utalala hapo."

Kinu kilikuwa chumba cha mabati chenye injini ya dizeli iliyofungwa kwenye saruji. Pembeni, nyuma ya pazia la nailoni la kuzuia unga, palikuwa na kompyuta, na kwenye kioo chake ndege ya kivita ya zamani yenye pangaboi moja puani. Mgeni alichomeka simu yake, akaiona ndege, na akauliza.

Owiti alikuwa na miaka thelathini na minne, kumi na miwili kati yake ameipitisha kwenye kinu hicho cha Mama Dorca. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Alizijua kwa simuleta, programu ya kompyuta inayoiga urubani. Ndege za humo nyingi huundwa na watu wa kujitolea: mmoja huchora mbawa, mwingine hurekodi sauti, mwingine huandika faili ya injini, yaani tarakimu zinazoiambia kompyuta injini ivute kiasi gani, ipate joto kiasi gani, ife lini. Faili ya injini ya ndege hii ilikuwa ya Owiti, na ilikuwa imerudishwa mara tatu.

Aliyeirudisha aliitwa Celestine. Ndiye aliyeongoza kikundi chao, na kazi yake ya mchana ilikuwa katika karakana ya Nairobi inayotengeneza simuleta za kufundishia marubani. Alikuwa amemwambia Owiti waziwazi: faili ikipita kabla ya Ijumaa kwisha, Jumatatu kuna kiti chake karakanani. Isipopita, kiti kina mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana.

Tatizo lilikuwa nguvu za dharura. Ndege za aina hiyo zilimruhusu rubani aliyebanwa na adui kusukuma mkono wa mafuta, wenzo wa kuipimia injini mafuta, kupita kikomo, apate nguvu za ziada kwa dakika chache tu, kwani injini haiwezi kuvumilia zaidi. Owiti aliandika kwamba dakika ya tano ikitimia, kompyuta yenyewe irudishe mkono chini.

"Owiti, ndege ya kweli haikumnyang'anya mtu mkono," Celestine alimwambia kwa simu, sauti ikisikika hadi kwa mgeni. "Rubani alikuwa na ruhusa ya kuiua injini yake."

"Ruhusa ya kuua injini alipewa na nani?"

"Na aliyekuwa nyuma yake na bunduki. Toa hicho kizuizi, bwana."

Owiti hakuweza. Miaka minne nyuma, msagaji mwenzake Wabwire aliifungulia injini ya kinu mafuta yote wiki ya Krismasi, foleni imefika barabarani, na pistoni ikakwama. Mji ulikaa majuma matatu ukibeba mahindi hadi Sondu. Tangu hapo Owiti aliufunga mkono wa mafuta wa kinu kwa waya mwembamba mahali pa kikomo. Waya haukuwa na nguvu ya kumzuia mtu. Kazi yake ilikuwa kusema kama kuna aliyepita.

Ijumaa hii Mama Dorca alikuwa na msiba wa shemeji yake huko Nyakach. Magunia manne yalitakiwa kwa wapishi kabla ya jeneza kufika, na mawili yalikuwa bado. Alichungulia nyuma ya pazia.

"Hiyo ndege yako inabeba watu ama inabeba mahindi?"

"Inabeba mtu mmoja, Mama."

"Basi mwambie ashuke aje kusaga."

Owiti alicheka bila kuinua macho. Kisha sauti ya injini ikapanda. Aliacha kompyuta na kukimbia. Waya ulikuwa chini, umekatika, na Mama Dorca amesimama kando ya mkono wa mafuta kama askari.

"Mama, hii itakufa."

"Iko na gunia moja na nusu ya kuishi. Ukipunguza, enda mwenyewe uwaambie watu wa matanga wale mchanga."

Owiti aliunyosha mkono wake mwenyewe, akausimamisha hewani, kisha akauweka juu ya tangi la maji ya kupoza. Alisikiliza. Maji yalianza kuchemka, moshi ukawa mweusi, mlio ukaingiwa na kugonga kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa mbali. Mgeni aliona midomo yake ikihesabu. Gunia la mwisho lilipokwisha, Owiti alishusha mkono wa mafuta, lakini hakuzima. Aliiacha injini ingurume polepole mpaka maji yakatulia.

"Unaona? Haikukufa," alisema Mama Dorca.

"Imekonda, Mama, imelika ndani. Kesho nitaifungua niangalie."

Alirudi kwenye kompyuta na unga hadi kwenye kope. Alifuta kizuizi. Mahali pake aliandika joto linalopanda, kisha moshi, kisha kugonga, kisha kifo, na rubani aachiwe asikie. Mwisho akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwomba: waya kwenye mkono wa mafuta. Ukikatika, unabaki umekatika hata safari ijayo, na injini inakuwa imekonda hadi ikaguliwe.

Akamwambia mgeni arushe. Mgeni aliukata waya, akafurahia mbio, na dakika ya tisa injini ikafa juu ya ziwa. Owiti aligeuza uso, kisha akaituma faili.

Jibu la Celestine lilikuja saa kumi na moja: "Imepita. Waya ni wazo la nani? Jumatatu saa mbili, usichelewe."

Jumamosi aliifungua injini ya kinu, akabadilisha ringi mbili za pistoni, akafunga waya mpya. Mgeni, ambaye simu yake ilikuwa imejaa tangu jana yake lakini bado hajaondoka, alimshikia spana. Jumapili baada ya kanisa Owiti aliifunga kompyuta ndani ya gunia safi la unga, akampa Mama Dorca koleo na kipande cha waya, akaondoka kwa gari la Kisumu, aunganishe na basi la Nairobi.

Mama Dorca aliwasha injini. Akatega sikio.

"Bwana mgeni, hiyo sauti iko sawa?"

Mgeni hakujua. Wote wawili wakainama kuangalia waya.